Mtoto wa Anthusa Anatafutiwa Baba wa Ubatizo

Kule mtaa wa wachovya mishumaa, nyuma ya Njia Kuu, hapakuwa na mwanaume mwoga kama Zotiko, na nasema hivyo huku nikimpenda. Moto hakuuogopa. Siku nzima alikuwa akichovya tambi za mishumaa kwenye nta inayochemka, na vidole vyake vilikuwa vimeungua mpaka vikazoea. Wakaguzi wa Mkuu wa Jiji nao hawakumtisha, maana nta yake ilikuwa safi, haina hata chembe ya mafuta ya mnyama. Alichokuwa anaogopa ni kitu kimoja tu, nacho ni kufungua mdomo mbele ya Anthusa.

Anthusa alikuwa mjane. Mumewe Leontio, fundi mikanda, alikufa kwa homa akamwachia mimba changa na genge la chakula pale kona. Alikuwa anauza dengu za kuchemsha, samaki wa chumvi na mkate wa moto, na mchuzi wake wa samaki wa kuvundikwa uliwatoa watu mitaa ya mbali. Leontio na Zotiko walikuwa marafiki wa kufa na kuzikana, na kweli Zotiko ndiye aliyemzika. Basi baada ya mazishi akaanza kupita gengeni kumjulia hali mjane, kama ilivyo ada. Akapita tena kesho yake. Mwisho akawa haondoki.

Mwaka mzima Anthusa alivaa nyeusi, na mwaka mzima Zotiko alikula dengu. Alikula hadi mkanda, ambao marehemu mwenyewe alimtengenezea, ukagoma kufika tundu lake la zamani. Kila siku alitoka dukani amejipanga, maneno yako tayari kichwani, matamu, ya kiutu uzima. Kila siku akifika mbele ya sufuria ulimi unakuwa mzito, anaishia kusema, "Niongezee kitunguu." Alikuwa anampenda yule mwanamke kwa mapenzi ya kweli, ya kumkosesha usingizi, na alichoweza kumwambia ni habari za vitunguu. Jamani!

Jirani yake Prokopi, muuza sabuni, alikuwa na jina lake kwa watu wa namna hiyo. Alimwita domo zege. Prokopi alikuwa mtu wa ndevu za kupakwa mafuta na joho la kubadilisha, na yeye naye alikuwa anamtaka Anthusa, ila hakuficha. Alimsifia mchuzi, akamsifia macho, akarudi tena kwenye mchuzi. Anthusa alimsikiliza hivyohivyo kama anavyosikilizwa mtu anayelipa.

Mwaka wa nyeusi ukaisha. Mtoto, Niketa, alikuwa ameshaota jino, na hajabatizwa. Watu wakaanza kunong'ona, maana kwetu mtoto hakai hivyo wazi kama nyumba isiyo na mlango. Akifa kwa homa kabla ya maji, nani atajibu kwa Mungu? Padri Sisinio alishamfuata Anthusa mara chungu nzima, na kila mara Anthusa alimwambia bado anatafuta baba wa ubatizo anayefaa. Padri akasema kwa ukali kwamba kwa muda huo hata malaika wangeshapatikana.

Siku moja mchana, genge limejaa, Prokopi yupo kwenye kigoda chake cha mbele, Zotiko ana dengu mdomoni. Anthusa akaweka mwiko chini, akajifuta mikono, akamtazama Zotiko usoni.

"Zotiko, nimefikiri sana," akasema. "Wewe ulikuwa rafiki wa baba yake. Nataka umpokee Niketa kwenye ubatizo."

Hapo nikueleze, ili usije ukadhani Zotiko alipewa heshima akaikataa kwa kiburi. Kwetu anayempokea mtoto kutoka majini anakuwa ndugu wa mama yake. Siyo undugu wa mdomoni, ni undugu kabisa, kama mliozaliwa tumbo moja. Mwanaume akishampokea mtoto wa mwanamke, ndoa kati yao imekufa palepale. Hakuna padri atakayewafungisha, na wakijifungisha wenyewe kwa wizi watatenganishwa na aibu yao itaimbwa hata uwanja wa mbio za farasi. Kila mtu mtaani alilijua hilo. Zotiko alilijua, Anthusa alilijua, na Prokopi alilijua vizuri kuliko wote, maana aliruka juu kama aliyemwagiwa maji ya moto, akapiga makofi.

Nani mwingine anafaa, Prokopi akauliza genge zima. Nani kama Zotiko, mtu wa nta, mtu wa kanisa, rafiki wa marehemu? Akamkumbatia. Watu wakaanza kumpongeza, bibi mmoja akambusu bega, na Zotiko yuko katikati na shavu limejaa dengu, anamwangalia Anthusa, na Anthusa anamwangalia yeye, hapepesi.

Zotiko akameza. Akafungua mdomo. Moyo ulikuwa unamwambia sema, sasa hivi, sema.

"Haya," akasema.

Anthusa akachukua mwiko akautumbukiza kwenye sufuria kwa nguvu mpaka mchuzi ukamrukia Prokopi kwenye joho, akamjazia Zotiko bakuli bila kitunguu hata kimoja. Zotiko akadhani vitunguu vimeisha.

Nyumbani mama yake, Bi Marina, alimsikiliza hadi mwisho, kisha akakaa chini kwenye sanduku la tambi. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye ulimi wa kukwangua, na alikuwa ameshamhesabu Anthusa kuwa mkwe wake tangu Pasaka.

"Umesema haya," akarudia polepole. "Mwanamke unayemlilia mwaka mzima amekuomba uwe kaka yake, na wewe umesema haya. Zotiko, mwanangu, mimi nilikuzaa siku ya tetemeko. Nadhani kuna kitu kilikudondokea."

Zotiko akasema labda atarudi kesho akakatae. Bi Marina akamwuliza atakataa kwa maneno gani, na Zotiko akakiri hajui. Tena kuna jambo la pili. Mtu aliyekwisha kubali kuwa baba wa ubatizo halafu akageuka, watu wanamwona kama aliyemtupa mtoto kwa Shetani kwa mikono yake, na nani atanunua mshumaa wa kanisani kwa mtu wa hivyo? Ikabidi mama afikirie njia ya tatu. Zotiko ataumwa. Atalala, atagugumia, ubatizo utafanyika bila yeye, atafutwe mwingine, na yeye akipona yuko huru.

Kesho yake Bi Marina alimfunga kichwa kwa kitambaa cha siki, akampaka uso unga wa ngano, akamlaza karibu na jiko ili atoke jasho. Habari zikasambaa haraka. Wa kwanza kufika alikuwa Prokopi, na hakuja mikono mitupu. Alileta supu, mafuta ya kuchua, na mganga aliyemlipia mwenyewe. Akasema hawezi kukubali baba wa ubatizo wa Niketa afe wakati yeye jirani yupo. Mganga akaamuru Zotiko alishwe dawa ya kuharisha. Zotiko akaharisha kweli, mtu wa watu, akawa mgonjwa wa haki.

Jioni Anthusa mwenyewe akaja, mtoto kiunoni. Akasimama mlangoni, akamtazama yule mwanaume mwenye uso wa unga na kitambaa cha siki, kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kumtazama mgonjwa.

"Usiwe na wasiwasi," akamwambia. "Tutakungoja. Hata ukiumwa mpaka Krismasi, sitamtafuta mwingine."

Sauti yake haikuwa ya huruma hata kidogo. Zotiko akaisikia ile hasira na akaielewa vibaya, kama alivyoelewa vibaya kila kitu mwezi ule. Akaona amemkera kwa kuchelewesha wokovu wa mwanawe. Anthusa alipoondoka, Zotiko alijifunika shuka akalia, na safari hii machozi hayakuwa ya siki.

Alipoweza kusimama alikwenda kwa Padri Sisinio. Alimkuta uani akimenya vitunguu saumu vya mchana wake. Zotiko akazunguka sana. Akauliza kuhusu bei ya nta, akauliza kuhusu goti la padri, mwisho akasema ana rafiki yake, wa mtaa mwingine kabisa, ambaye ameombwa kumpokea mtoto wa mjane, na huyo rafiki alikuwa na nia na mjane. Sasa, huyo rafiki, undugu unamshika lini? Akikubali tu? Au akimkana Shetani kwa niaba ya mtoto? Au akisoma kanuni ya imani?

Padri Sisinio akaendelea kumenya.

"Maneno ni maneno," akasema. "Undugu unaingia mtoto anapotoka majini akatua mikononi mwake. Kabla ya hapo ni mtu anayesaidia kujibu. Baada ya hapo ni kaka wa mama, na nikimkuta anamchekea vibaya nitamtenga na meza ya Bwana mpaka ndevu ziote kutu. Huyo rafiki yako ana mdomo?"

Zotiko akasema anao.

"Basi autumie kabla ya maji," padri akasema. "Na mwambie Jumamosi asichelewe, nina njaa siku hizo."

Jumamosi ikafika. Kanisa letu la mtaa ni dogo, na watu walijaa mpaka kwenye ngazi, maana mtoto aliyengojewa kiasi kile kila mtu alitaka kumwona akiingia majini. Mishumaa yote ilitoka kwa Zotiko, mizito, ya nta nyeupe, na aliipanga mwenyewe, mmoja mmoja. Prokopi alikuja na joho jipya na shuka ya ubatizo ya kitani, ina taraza za nyuzi za dhahabu zilizofumwa pembeni, ambayo alisema ameitoa kama zawadi ya jirani. Kawaida shuka anashika baba wa ubatizo. Prokopi alikataa kuiachia. Alisimama mbele kabisa ameikunjua mikononi, ili hata wale wa ngazini waone taraza, na kila aliyepita Prokopi alimwambia aiguse kidogo aone kitani cha kweli kilivyo.

Ibada ikaanza pale ukumbi wa mbele. Padri Sisinio akamgeuza Zotiko magharibi, upande wa giza, mtoto amepakatwa na Bi Marina, akamwuliza kwa niaba ya Niketa kama anamkana Shetani na kazi zake zote. Zotiko akajibu anamkana. Akaulizwa tena, akajibu tena. Akaambiwa amtemee mate. Alitema kwa nguvu ambayo kanisa lile halijaona, maana wakati ule alikuwa na uhakika Shetani ndiye aliyempeleka gengeni siku ile na kumjaza dengu mdomoni. Wakamgeuza mashariki, akaisoma imani yote bila kukosea neno, na kila neno lilimsogeza hatua moja karibu na birika la ubatizo. Prokopi alikuwa anatikisa kichwa kwa furaha kama mtu anayesikiliza kinanda.

Zotiko alimwangalia Anthusa. Alikuwa amesimama kando ya nguzo, bila nyeusi kwa mara ya kwanza, amevaa nguo ya rangi ya divai, na macho yake yalikuwa mekundu. Hakuwa na uso wa mama anayefurahi. Alikuwa na uso wa mtu aliyeweka kitu chake cha pekee sokoni kwa mchezo, sasa anaona kinachukuliwa.

Mtoto akavuliwa, akapakwa mafuta kutoka utosini mpaka nyayoni. Niketa alikuwa mnene, ana nguvu, na hakuwa na nia ya kuokolewa siku ile. Alimshika padri ndevu. Akazamishwa mara ya kwanza akatoka akipiga kelele, akazamishwa ya pili akamrushia padri maji puani, akazamishwa ya tatu, na Padri Sisinio, mikono imejaa mafuta, akamwinua juu anateleza kama samaki, akageuka.

"Mpokee," akamwambia Zotiko.

Mikono ya Zotiko haikunyanyuka.

"Mpokee, anateleza."

"Baba, siwezi," Zotiko akasema.

Padri akamwuliza hawezi nini, yuko mgonjwa? Zotiko akatikisa kichwa. Akaona domo lake linafunguka, na safari hii halikuwa na dengu.

"Siwezi kumpokea kwa sababu nataka kumwoa mama yake," akasema. Na kwa kuwa lilishatoka, mengine yakafuata yenyewe, yanagongana. "Nimetaka mwaka mzima. Nimekula dengu mpaka zinanitoka masikioni, sizipendi hata dengu. Wakinitenga wanitenge, lakini kaka yake siwi."

Bi Marina alikaa chini pale alipokuwa amesimama. Padri Sisinio alitaka kujibu, alikuwa na jibu zuri kabisa, lakini Niketa alijipinda, mguu mmoja ukamponyoka, kisha mkono, na mzee akaona mtoto anakwenda sakafuni kwenye mawe. Mbele yake, mdomo wazi, alikuwepo mtu aliyekunjua shuka. Padri akamtua humo.

Mtu yeyote akitupiwa mtoto kwenye shuka atakumbatia. Prokopi akakumbatia. Padri Sisinio akashusha pumzi, akainua mkono wenye mafuta, akamalizia maneno yake yote mpaka amina, na watu wakaitikia amina kwa mazoea.

Ndipo Prokopi akaelewa. Uso ulimbadilika rangi polepole, kuanzia juu. Akamnyooshea Zotiko yule mtoto, akisema kuna makosa, baba wa ubatizo ni huyu, ndiye aliyejibu, ndiye aliyetema mate. Zotiko akaficha mikono nyuma ya mgongo. Prokopi akamgeukia mpishi mmoja wa mkate, naye akaficha mikono. Wanaume wote kanisani, mpaka wa ngazini, walikuwa wameweka mikono nyuma.

"Aliyetema alikuwa anasaidia kujibu," Padri Sisinio akasema. "Aliyempokea ni nani? Nani amembeba?"

Watu wote wakamgeukia Prokopi. Padri akaongeza kwamba kwa usalama Prokopi atageuzwa magharibi naye ateme, na afanye upesi, kwani watu wana njaa. Prokopi akatema. Hakuwa na mate mengi.

Anthusa akaja mbele. Wote tulidhani anakwenda kumzaba Zotiko kibao, na wengine walijisogeza wapate kuona vizuri. Alimpita. Alimfikia Prokopi, akauweka sawa mkono wake chini ya shingo ya mtoto.

"Kaka, mshike kichwa," akamwambia.

Hilo neno kaka lilimwingia Prokopi kama mwiba. Kisha Anthusa akamgeukia Zotiko, na sasa machozi yalikuwa yanamtoka bila kuyazuia, na alikuwa na hasira nayo.

"Nimemwacha mwanangu bila ubatizo mpaka ameota jino, nikikungoja mwaka uishe useme," akasema. "Hukusema. Nikaona nikuombe kitu ambacho mwanaume anayenipenda hawezi kukikubali, mbele za watu, ili ukatae tu basi, hata neno lenyewe nisikulazimishe. Na wewe ukaniambia haya. Mimi nimelia, Zotiko. Nimelia nikikoroga sufuria."

Zotiko akamwuliza tu, kwa sauti ndogo, kama anamkubali.

Anthusa alijifuta uso kwa mkono wa nguo yake ya divai.

"Mimi ni mjane mwenye heshima zangu," akasema. "Sasa nina kaka. Kamwulize yeye."

Kanisa lilicheka mpaka mishumaa ikayumba. Prokopi alikuwa amesimama katikati, joho limelowa mafuta na maji matakatifu, na Niketa ameshamshika ndevu kwa mikono yote miwili. Zotiko akamwendea. Na yule mwoga wetu, aliyeshindwa mwaka mzima kumwambia mwanamke mmoja neno moja, akasimama wima mbele ya mtaa mzima na sauti haikumtetemeka hata kidogo.

"Shemeji," akasema, "nimekuja kuomba mke."

Prokopi akamtazama. Akamtazama Anthusa, akamtazama padri, ambaye alikuwa anamwonyesha kwa jicho kwamba ajibu. Akajaribu kuzitoa ndevu zake, zikakataa.

"Mchukue," akasema mwisho. "Lakini shuka yangu nairudisha nyumbani."

Padri Sisinio akamwambia shuka ya ubatizo hairudi, ni ya mtoto, na kwamba kila mwaka siku kama hii baba wa ubatizo huleta nyingine. Halafu akazima mishumaa mwenyewe, akaenda kula.